Bomba la Kurefushia Maiki

Mambo ya namna hii husimuliwa kwa mdomo, watu wakiwa wamekaa karibu karibu na mlango umefungwa. Mimi nayaandika. Sababu yake itaonekana huko mbele. Nivumilieni, maana sikusoma sana na mkono wangu huenda polepole.

Jioni mambo haya yalipoanza nilikuwa nampelekea binti yangu chai.

Hapakuwa na zaidi. Mkono wa kulia chupa ya chai, kwapani kipande cha chuma nilichokizungushia kitambaa. Jua lilikuwa limezama nyuma ya maghala, na taa za barabarani zilikuwa bado hazijawaka. Ni ile saa ambayo humtambui mtu mpaka akusalimie.

Binti yangu alikuwa msomaji wa sala kwenye kituo kidogo cha redio, ghorofani, juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi, harufu ya rangi inapanda nawe. Chumba chao cha kutangazia kilikuwa stoo zamani. Kuta walizibandika trei za mayai na vipande vya magodoro ili sauti isirukeruke. Meza moja, kiti kimoja, taa nyekundu juu ya mlango, na kioo kikubwa. Nyuma ya kioo ndipo alipokaa fundi mitambo, kijana mwembamba ambaye kila mtu alimwita Waya.

Mungu alinijalia mabinti wawili. Kiti kile kwanza kilikuwa cha mkubwa. Kila jioni aliwasomea wagonjwa maneno ya faraja, kisha akamalizia kwa sala. Watu walikuwa wakiweka redio kwenye mito ya wagonjwa wao ili wamsikie. Kabla ya kusema "Amina" alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno kisha akaliacha. Mimi mama yake nilikuwa naisubiri pumzi ile kuliko sala yenyewe. Mungu anisamehe.

Halafu ugonjwa ukamshika koo. Mungu ana siri zake. Aliyewafariji watu kwa sauti akanyang'anywa sauti. Hospitali walipochoka naye tulimrudisha nyumbani. Tukanunua stendi ya dripu iliyokwisha kutumika, ule mti wa chuma wa kutundikia chupa ya maji, wenye bomba moja ndani ya jingine ili uweze kuurefusha na kuufupisha. Kwa kuwa hakuweza kuita, alikuwa akishika kijiko na kugonga bomba lile.

Ngo. Ngo… ngo.

Mara tatu za mfululizo hakuziweza. Baada ya pigo la pili mkono ulikuwa unachoka, anapumzika, ndipo anamalizia la tatu. Nami popote nilipokuwa, jikoni, uani, naitika, "Abee, mwanangu. Nipo." Nisipoitika, haachi. Hata akisikia miguu yangu inakuja mbio, haachi mpaka nimetoa sauti. Nadhani alikuwa na njaa ya sauti, kama mtu mwingine alivyo na njaa ya chakula.

Alikufa ameshika bomba. Tulimfungua vidole kimoja kimoja.

Yule mdogo, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, ndiye aliyepewa kiti cha dada yake. Alikuwa na sauti nzuri, ila shida ilikuwa meza. Maikrofoni yao ilikaa kwenye kitako kifupi mno, kwa hiyo alilazimika kuinama kama mtu anayekunywa uji bila kijiko. Shingo ikamuuma. Akigeuza karatasi, redioni inasikika kama mtu anapepeta mchele. Waya alitafuta bomba la kurefushia, lile la kuunganisha kati ya kitako na maiki, akalikosa madukani. Kitinda alilieleza hilo tukiwa tunakula. Mimi nikageuka nikatazama kona ya chumba, ilipokuwa imesimama ile stendi na shuka juu yake. Chuma chepesi, kizuri, bado kinang'aa. Nikaona ni heri kiinue sauti ya mdogo mtu kuliko kukaa pale kikishika kutu.

Ndicho chuma nilichokuwa nacho kwapani.

"Shikamoo, mama," Waya alisema, akifungua kitambaa. "Ala! Chuma hiki mbona kimetoka wodini? Kimesomea udaktari?"

"Marahaba. Kazi yako ni kukata, si kukiuliza shule."

"Nakata, mama, nakata. Maiki yenyewe imekuwa fupi kama subira yangu."

Kitinda alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba.

Waya alikata kipande cha urefu wa mkono kwa msumeno, akakipiga tupa, akakizungushia utepe wa gundi kwenye mdomo mpaka kikakaza. Chini akakichomeka kwenye kitako, juu akafunga maiki. Halafu akamkalisha Kitinda wima. "Ngumi moja kutoka mdomoni," alimwambia, akipima kwa ngumi yake mwenyewe. "Na iwe kando kidogo, si mbele kabisa, ili pumzi ipite pembeni. Ukisema 'pole' isipasue masikio ya wagonjwa." Binti yangu akanyoosha mgongo. Maiki ikamfuata mpaka mdomoni. Nilifurahi jamani, ilimkaa kama iliyoshonwa kwa ajili yake.

Sasa, kuna jambo la kazi yao lazima nilieleze. Kitufe cha fundi kuzungumzia na msomaji kilikuwa kimekufa zamani. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Msomaji akishavaa hedifoni, Waya anagonga kioo mara tatu, mlio unaingia kwenye maiki, na msomaji anaitika, "Nakusikia." Waya anatazama mshale wa mtambo, anapanga sauti, kazi inaanza.

Waya akatoka, akaufunga mlango. Mimi nilibaki ndani nikimimina chai. Kitinda akavaa hedifoni.

Ngo. Ngo… ngo.

"Nakusikia," alisema Kitinda.

Nikatazama kwenye kioo. Hapakuwa na mtu. Halafu kichwa cha Waya kikachomoza kutoka chini ya meza yake, na mikono yote miwili imejaa nyaya. Akaja kufungua mlango.

"Unaongea na nani, wewe?"

"Si umegonga?"

"Nimegonga na nini? Na pua?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Sikuwa na hedifoni, lakini nilikuwa nimesimama karibu na meza, na mlio ule niliusikia ukitoka ndani ya bomba. Nilisikia pia pale katikati, ule mkono uliochoka.

Marehemu mama yangu alitufundisha tukiwa wadogo. Magharibi ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo. Ukiitika umempa kitu, na hujui ni kitu gani. Tulikua hivyo, na wanangu niliwakuza hivyo. Lakini kazi ile ni kinyume chake. Mwenye hedifoni masikioni huitwa na asiyemwona, na kazi yake ni kuitika.

Nilisali kimoyomoyo nikarudi nyumbani.

Baada ya hapo watu wakaanza kumsifu Kitinda. Nikienda sokoni naambiwa, "Binti yako anasoma mpaka mgonjwa aliyelala anainuka kukaa." Nami nashukuru. Ila Kitinda mwenyewe alikuwa akirudi nyumbani amekauka. Mwanzoni mikwaruzo tu. Kisha akawa anaongea kama mtu anayeburuta kiti. Nampa asali, nampa maji ya moto na chumvi asukutue. "Nimechoka tu, mama," ananiambia. Asubuhi hana sauti kabisa, ananionyesha kwa mkono. Jioni inaingia, nafungua redio, na sauti inatoka safi kama maji ya kisima.

Jioni moja mdogo wangu, ambaye watoto humwita mama mdogo, alikuwa ananisaidia kukunja nguo. Redio ilikuwa juu ya kabati.

"Kitinda amekua," nilisema. "Sikia anavyosoma."

Mama mdogo akaacha shuka nusu. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Dada," alinong'ona, "huyo si Kitinda."

"Usianze."

"Sianzi. Ngoja amalize. Ngoja sala."

Tukangoja. Sala ikafika mwisho. Pakawa kimya kidogo… halafu ile pumzi.

Amina.

Chumba chote kikanuka spiriti ya kusafishia vidonda.

Mama mdogo alirusha shuka akaenda kuzima redio. Nilimshika mkono. Wallahi nilimshika kwa nguvu mpaka akapiga ukelele. Maana mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Kila jioni nilikuwa nasogeza kiti karibu zaidi na kabati. Mama gani anazika mtoto, kisha anamsikia akisali, halafu anamzimia redio? Mwambieni aje anifundishe.

"Unaye mmoja aliye hai," mama mdogo aliniambia, akijisugua mkono. "Mmoja, dada. Yuko njiani anarudi sasa hivi. Mwangalie vizuri atakapoingia."

Nilimwangalia. Kitinda aliingia akakaa kwenye mkeka bila kuvua viatu. Mkono wake ulikuwa kooni, vidole viwili chini ya taya. Pale pale. Ndivyo ilivyomwanza dada yake.

"Mama," alisema. Ilikuwa pumzi tu, haikuwa sauti. Nilipiga magoti nikaweka sikio mdomoni mwake. "Mama, mimi sisomi."

"Anasoma nani?"

"Nafungua mdomo tu… inatoka yenyewe. Jana nilijaribu kufunga mdomo."

"Ikawaje?"

"Ikaendelea."

Mama mdogo akajishika kichwa. Mimi nikauliza, "Waya hakuona?"

"Waya haniangalii mimi. Anaangalia mshale."

"Basi kesho hugusi hedifoni. Usiitike."

Machozi yakamtoka. "Nisipoitika haachi kugonga, mama. Nikivua hedifoni nasikia kwenye meno."

Tulikesha tukisali, mama mdogo na mimi. Sitaki kuwadanganya kwamba nilisali vizuri. Nusu ya moyo wangu ilikuwa inamwomba Mungu aniokolee Kitinda, na nusu nyingine ilikuwa inaomba nisikie ile pumzi mara moja tu zaidi.

Kesho yake, jua likizama, nilipanda ngazi zile pamoja na binti yangu. Duka la rangi chini lilikuwa limefungwa, kufuli mlangoni. Waya alituona akashangaa, lakini muda ulikuwa umefika, akakimbilia mtambo wake. Taa nyekundu ikawaka. Nilimkalisha Kitinda pembeni, nikachukua hedifoni mimi. Nikazivaa juu ya kitambaa cha kichwa.

Kwanza kimya. Kimya kizito, kama cha mtungi.

Halafu mtu akameza mate.

Ngo. Ngo… ngo.

Nikamwona Kitinda anafungua mdomo. Mazoea ya kazi… alikuwa ameanza, "Naku—" Nilimrukia nikamziba mdomo kwa kiganja. Chini ya kiganja changu midomo yake ilikuwa inaendelea kucheza.

Ngo. Ngo… ngo. Ngo. Ngo… ngo.

Chai iliyosahauliwa kwenye kikombe mezani ilikuwa inatetemeka, inafanya viduara. Ile harufu ikajaa. Spiriti, jasho, na ile dawa ya sharubati ambayo tuliishia kumpaka midomoni kwa sababu hakuweza tena kuimeza. Waya nyuma ya kioo alikuwa anapunga mikono, kwamba tuko hewani, tuko hewani! Nikalishika bomba kwa mkono mwingine ili nilifungue.

Lilikuwa la moto. Moto wa mtu mwenye homa.

Nililizungusha, likakataa. Nikalizungusha tena kwa nguvu zangu zote. Lilikuwa limeshikwa. Siyo kutu wala gundi. Mimi ndiye niliyefungua vile vidole kimoja kimoja kwa mikono hii hii, nakijua kishiko kile. Na lilikuwa linagonga tu, linagonga, na mwanangu chini ya kiganja changu anahangaika kuitika.

Haachi mpaka aitikiwe. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani.

Nikainamia ile maiki. Ngumi moja kutoka mdomoni.

"Abee, mwanangu," nilisema. "Nipo."

Kimya.

Bomba likafunguka mkononi mwangu kama kifuniko cha chupa.

Baadaye watu wengi walituambia kwamba jioni ile redioni walisikia bibi mmoja akiitika, na baada yake sauti ya msichana ikasema neno moja, "Mama." Kitinda alikuwa amezibwa mdomo. Waya anaapa mpaka leo kwamba mshale ulipanda mara mbili.

Lakini Waya ni mtu wa mitambo, na mtu wa mitambo lazima apate maelezo. Alinieleza vizuri kabisa. Bomba lililo wazi ndani, alisema, hubeba kila mtikisiko wa meza na kuupeleka kwenye maiki. Na vijana wa duka la rangi jioni hupiga vifuniko vya madebe kwa nyundo ili wavifunge. "Ndiyo hizo ngo-ngo-ngo, mama. Tungeweka sponji chini ya kitako, tusingesikia kitu." Nilimshukuru. Sikumkumbusha habari ya kufuli. Daktari naye alisema Kitinda alitumia sauti kupita kiasi, apumzike. Nilimshukuru naye.

Bomba tulilizika, mama mdogo na mimi, pembeni ya kaburi la mwenyewe, tukasali. Kitinda alipumzika, sauti yake ikarudi, ile ya kwake, nzito kidogo, isiyojua kuvuta pumzi kabla ya Amina. Waya alipata bomba jipya la dukani, akaweka na sponji. Kila jioni nafungua redio, naye anasoma vizuri, na hakuna mgeni.

Ningeishia hapo.

Ila kitanda changu ni cha chuma.

Ilianza muda si mrefu baada ya kuzika bomba. Magharibi, nikiwa nimekaa kitandani nimemaliza sala, kwenye nguzo ya kichwani: Ngo. Ngo… ngo. Mimi ni mama. Niliitika. Nilikuwa nimekwisha kuitika mara ya kwanza mbele ya watu wote, sikuona sababu ya kukataa faraghani. Kila jioni anagonga, kila jioni naitika, "Abee, mwanangu, nipo," na kila jioni sauti yangu inazidi kupungua. Sikumwambia mtu. Kitinda nilimwambia ni baridi, na daktari alisema ni uzee na majonzi. Niliona ni biashara nzuri. Sauti ya mwanamke mzee ina kazi gani? Amsomee nani? Achukue yote ashibe, aende zake kwa Mola wake.

Yote imekwisha. Sasa hata pumzi ikipita haina mlio. Ndiyo maana naandika.

Na hakushiba.

Jana jioni aligonga. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akagonga tena. Nikashika nguzo kwa mikono miwili ili niizuie, ikatetemeka mikononi mwangu. Akagonga tena. Na kutoka jikoni nikasikia sauti changamfu ya mwanangu:

"Abee, mama! Nakuja!"

Aliingia anafuta mikono kwenye gauni. "Umegonga, mama? Unataka maji?" Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Akadhani namtania. Alicheka, akanifunika miguu, kisha akaenda kabatini akaleta kijiko. Akakiweka kwenye mto wangu.

"Gonga kwa hiki," aliniambia. "Nitakusikia vizuri zaidi. Wewe ukigonga tu, mimi naitika."

Akakohoa kidogo. Akaweka vidole viwili chini ya taya.

Kitinda, mwanangu, haya nayaandika mchana, ili uyasome kabla jua halijazama. Kijiko sijakigusa. Nikikuhitaji nitanyanyuka mwenyewe nije nikushike bega, unione na macho yako. Ukisikia chuma kinagongwa nyumba hii, funga mdomo, hata kikigongwa mpaka asubuhi, hata ukidhani nakufa.

Mimi sigongi.